Hewa ya Moshi Inayogeuzwa Plastiki

Mchinjaji akipasua tumbo la ng'ombe aliyekonda bila sababu, mara nyingine hukuta donge kubwa kama mpira wa miguu. Akilichana, kumbe ni mifuko ya rambo. Ng'ombe alikuwa anakula jalalani, akala na mfuko wenye harufu ya chumvi au ya mabaki ya chakula. Majani yaliyeyuka, mfuko haukuyeyuka. Ulikaa tumboni, ukaviringana na mwingine, na mwingine tena, mpaka nafasi ya chakula ikaisha. Mwenye ng'ombe alidhani ni ndigana.

Ndugu msomaji, hapa kwetu Tanzania mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kenya ilitangulia mwezi Agosti 2017, na Zanzibar na Rwanda mapema zaidi. Sheria hiyo ni nzuri, lakini plastiki haikwisha. Tazama nyumbani kwako: ndoo, dumu, kandambili, kiroba cha mbolea, turubai la kuanikia mpunga. Hatuwezi kurudi kwenye kibuyu kwa kila kitu, wala sidhani kama tungependa. Je, inawezekana basi kutengeneza plastiki ambayo ikishatumika itaoza kama jani la mgomba?

Wakemia kadhaa duniani wamelishughulikia swali hili. Mkemia ni mtaalamu wa vitu na jinsi vinavyoungana na kuachana. Leo tutasoma juu ya kazi ya mmoja wao, Profesa Geoffrey Coates wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji wa Ithaca, jimbo la New York, Marekani. Alianza kazi chuoni hapo mwaka 1997. Jambo lililompa sifa ni kutengeneza plastiki kwa kutumia hewa ileile inayotoka katika moshi.

KWA NINI MFUKO WA RAMBO HAUOZI

Plastiki ni kama nyuzi ndefu za shanga. Shanga moja ni ndogo mno, macho hayawezi kuiona. Zikiungana kwa maelfu huwa uzi, na nyuzi nyingi zikilaliana huwa mfuko au ndoo. Uzi wa namna hiyo wataalamu huuita polima. Usidhani polima ni jambo la kizungu tu. Pamba ni polima, wanga wa muhogo ni polima, hata nywele zako ni polima. Tofauti iko katika shanga zenyewe na jinsi zilivyofungwa.

Uzi wa mfuko wa rambo hutokana na mafuta ya petroli au gesi ya ardhini. Ni kaboni iliyoshikana na kaboni, tena kaboni na kaboni, mwanzo hadi mwisho. Kaboni ndiyo hiyohiyo iliyomo katika mkaa. Bakteria na ukungu wa udongoni, ambao ndio huozesha majani na mizoga, karibu hawana kisu cha kukata kiungo hicho.

Fikiria ua wa nyumba. Ua uliofungwa kwa waya husimama miaka mingi. Ua uliofungwa kwa kamba za mkonge, kamba huoza, na fito huanguka zenyewe moja moja. Polima za pamba na wanga zina vifundo vya kamba. Kati ya kaboni na kaboni pamepachikwa oksijeni, na hapo ndipo bakteria wanapopata mahali pa kukata. Mfuko wa rambo ni ua wa waya mtupu. Kazi ya Coates na wenzake ni kutunga plastiki yenye vifundo vya kamba, lakini ibaki imara kiasi cha kutumika.

Sasa hivyo vifundo vyenye oksijeni wanavitoa wapi? Hapo ndipo hewa ya moshi inapoingia.

HEWA ILIYOKWISHA KUUNGUA

Kuni zikiungua, kaboni iliyomo ndani yake hushikana na oksijeni. Hapo hupatikana hewa iitwayo kaboni dayoksaidi. Siku hizi redioni utasikia ikiitwa hewa ukaa. Huna haja ya kwenda mbali kuiona: fungua chupa ya soda, yale mapovu ndiyo yenyewe. Wilayani Rungwe, mkoa wa Mbeya, hutoka ardhini, huvunwa na kuuzwa kwa viwanda vya soda. Wewe mwenyewe unaitoa kila unaposhusha pumzi, na mahindi yako yanaivuta mchana ili yatengeneze wanga.

Katika kila sehemu 10,000 za hewa tunayovuta, hewa ukaa ni sehemu 4 na kidogo. Zamani, kabla ya viwanda na magari, hazikufika 3. Nyongeza hiyo unaweza kuiona ndogo, lakini ndiyo inayoongeza joto la dunia.

Basi mtu atasema, ichukueni hewa hiyo mfanyie plastiki. Tatizo ni kwamba hewa ukaa ina uvivu mkubwa. Jaribu kuwasha majivu uone kama yatashika moto. Kuni zilikuwa na nguvu ndani yake, zikaitoa zilipoungua, na majivu hayana tena cha kutoa. Hewa ukaa ndiyo majivu ya kaboni. Imekwisha kuungua, imetulia, haitaki kuungana na kitu.

Ili iungane, lazima itafutiwe mwenzi mwenye nguvu. Wakemia walimpata katika jamii ya vitu viitwavyo epoksaidi. Ndani ya epoksaidi kaboni mbili na oksijeni moja zimebanwa katika pembe tatu finyu. Umewahi kutega ndege kwa fimbo iliyopindwa? Fimbo ile hutaka kunyooka wakati wote. Epoksaidi nayo ni hivyohivyo: ukiigusa mahali pake, inafyatuka.

Mwaka 1969, huko Japani, Shohei Inoue na wenzake walionyesha kwamba hewa ukaa na epoksaidi vinaweza kuungana vikawa uzi wa polima. Shanga zilikuwa zinapishana: epoksaidi, hewa ukaa, epoksaidi, hewa ukaa, kama mkufu wa shanga nyeusi na nyeupe. Walitumia kichocheo chenye zinki. Zinki ni madini yaleyale yanayopakwa kwenye bati la nyumba lisishike kutu.

Ugunduzi ulikuwa mkubwa, lakini kazi ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Hewa ilibidi ishindiliwe kwa nguvu nyingi, na polima iliyopatikana ilikuwa haba. Wengine waliliendeleza jambo hilo kidogo kidogo kwa miaka mingi.

MSHENGA WA ZINKI

Hapa lazima tulieleze neno kichocheo, maana bila hilo habari yote haieleweki. Kijana anataka kuoa, lakini familia mbili hazijuani. Mshenga huenda, huzungumza, hurudi, huenda tena. Ndoa ikishafungwa mshenga haingii katika nyumba ya watu. Anakwenda kushughulikia ndoa nyingine. Kichocheo ni mshenga wa vitu. Hukutanisha vitu ambavyo vyenyewe visingekutana, au vingekutana kwa kuchelewa sana. Chenyewe hakiishi, kwa hiyo kiasi kidogo tu hufanya kazi kubwa.

Mshenga wa mwaka 1969 alikuwa hajulikani sura vizuri. Zinki ilikaa makundi makundi, nyingine ikifanya kazi, nyingine imelala tu. Coates aliivika kila chembe ya zinki koti lake. Koti hilo ni molekuli kubwa inayoishika zinki pande mbili, kama mtu anavyoshikwa mabegani, na kuiacha mbele wazi kwa ajili ya kazi. Sasa zinki zote zilikuwa na sura moja. Ukilipanua koti kidogo, au ukilibana, mwendo wa kazi hubadilika, na sababu yake unaijua. Fundi cherehani atanielewa hapa.

Mwaka 1998 Coates na wenzake walitangaza matokeo. Joto lilikuwa nyuzi 50 tu, nusu ya joto la maji yanayochemka. Hewa ukaa ilishindiliwa kiasi cha presha ya tairi la lori. Katika hali hiyo kila zinki iliunga shanga mamia kwa saa moja. Vile vichocheo vya kwanza vya Japani havikufikisha hata shanga moja kwa saa.

Walipozidi kuchunguza, mwaka 2003 walieleza jambo lililonifurahisha sana nilipolisoma. Zinki hazikuwa zikifanya kazi moja moja, bali mbili mbili. Moja hushika ncha ya uzi, nyingine humleta epoksaidi. Kumbe walikuwa washenga wawili, mmoja wa upande wa bwana na mwingine wa upande wa bibi!

Huko Uingereza mkemia Charlotte Williams, ambaye sasa ni profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford, alifuata njia ya washenga wawili. Alitengeneza kichocheo chenye zinki mbili zilizokwisha kufungwa pamoja katika molekuli moja. Mwaka 2009 yeye na wenzake walionyesha kwamba kichocheo hicho hufanya kazi bila hewa kushindiliwa hata kidogo, kwa presha hiihii tuliyo nayo hapa nje. Msomaji asilione jambo hilo kuwa dogo. Kushindilia hewa kunataka mitambo mizito na umeme mwingi, na umeme huo mara nyingi hutokana na kuchoma makaa ya mawe. Kiwanda kinachotoa moshi mwingi ili kipate kutumia moshi kidogo hakina maana.

Tupige hesabu kidogo. Chukua polima inayotungwa kwa hewa ukaa pamoja na epoksaidi iitwayo propilini oksaidi. Katika kila kilo 100 za polima hiyo, kilo 43 zimetoka katika hewa ukaa. Kilo 57 zilizobaki ni propilini oksaidi, nayo kwa kawaida hutokana na petroli. Kwa hiyo ukisikia mtu anasifu plastiki ya hewa tupu, mwulize habari za zile kilo 57.

GESI YA JIKO LA MKAA

Coates ana kazi nyingine ambayo kwa maoni yangu inamgusa zaidi mwenye ng'ombe.

Wako bakteria wanaojiwekea akiba ya chakula mwilini, kama nundu ya ng'ombe inavyoweka mafuta. Mfaransa Maurice Lemoigne aligundua katika miaka ya 1920 kwamba akiba hiyo ni polima. Kwa kifupi inaitwa PHB. Ukiiyeyusha unaweza kuifinyanga kama plastiki. Na kwa kuwa ni chakula cha bakteria, bakteria wengine huila wanapoikuta, udongoni na hata baharini. Ubaya wake ni gharama. Inabidi ulishe bakteria sukari, uwakuze, kisha uitoe ile akiba mwilini mwao.

Coates alipita njia nyingine. Alitumia kaboni monoksaidi. Gesi hii, ndugu msomaji, unaijua kwa maovu yake. Ndiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu, na mtu hupitiwa na usingizi asiamke tena. Ikiwa kwenu kuna mtu anayelala na jiko wakati wa baridi, mwambie leo hii, usingoje kumaliza gazeti.

Mwaka 2002 kundi la Coates lilitangaza kichocheo chenye madini ya kobalti na alumini. Kichocheo hicho huiingiza gesi hiyo ndani ya pembe tatu ya epoksaidi, ikawa pete yenye pembe nne. Mwaka huohuo walionyesha kwamba mshenga wa zinki huweza kuzifungua pete hizo na kuzitunga uzi. Kinachopatikana ni shanga zilezile za PHB, bila kufuga bakteria hata mmoja. Sharti ni kwamba shanga zote zitazame upande mmoja, kama zile za bakteria. Zikichanganyika, nyingine huku nyingine kule, plastiki huwa laini mno.

INAOZA, LAKINI WAPI?

Neno "inaoza" lina hila ndani yake. Mfanyabiashara atakuambia mfuko huu unaoza, lakini hatasema unaoza wapi wala kwa muda gani. Mlango wa mninga nao unaoza, muulize babu yako ameungoja miaka mingapi.

Iko plastiki iitwayo PLA, itokanayo na mahindi au miwa. Inaoza vizuri katika mboji ya viwandani, ambako joto hukaa karibu na nyuzi 58 kwa wiki nyingi. Ukiitupa mtoni au shambani inaweza kukaa miaka. Kipimo cha Ulaya kwa mfuko wa kuozeshwa katika mboji kinataka sehemu 90 katika 100 ziwe zimegeuka hewa ndani ya miezi 6, tena katika mboji ya joto. Rundo lako la samadi na majani nyuma ya nyumba linaweza kufikia joto hilo siku chache, kisha likapoa.

Iko pia mifuko ya rambo iliyotiwa dawa ili imeguke kwa jua. Huo ni ua wa waya uliokatwa vipande vipande, waya ni uleule. Vipande huingia udongoni na majini, vikawa vidogo hata huvioni. Umoja wa Ulaya ulikataza kuuza vitu vya namna hiyo tangu Julai 2021.

Na ile polima ya hewa ukaa? Ile ya propilini oksaidi ina vifundo vya kamba na inaweza kuoza katika mboji, lakini si kwa haraka ya jani. Nyingine za jamii hiyohiyo, zilizotungwa kwa epoksaidi nene zaidi, zinakaribia kutooza. Watu wengi hukosea hapa. Plastiki kutengenezwa kwa hewa ukaa ni jambo moja, na plastiki kuoza ni jambo jingine. Linaloamua ni aina ya kifundo na ukubwa wa shanga. Tena polima ya propilini oksaidi ina kasoro nyingine kwa watu wa huku kwetu: hulegea joto likifika nyuzi 40 hivi. Beseni la namna hiyo usingeliacha juani Dodoma saa saba mchana.

Mwenye mifugo naye asifikiri kwamba mfuko unaooza ni salama jalalani. Ng'ombe hangoji miezi 6.

MZEE ALIYEULIZA SWALI

Nilipoeleza habari hizi katika darasa la kisomo, mzee mmoja aliuliza, "Mwalimu, kama ni hivyo, kwa nini sisi tusiuze moshi wa majikoni mwetu?" Watu walicheka, lakini mzee alikuwa na hoja. Nilimjibu kwamba moshi wa jikoni umechanganyika na hewa ya kawaida, masizi na mvuke wa maji, hewa ukaa yenyewe ni kidogo. Tena mshenga wa zinki wa Coates hapatani na maji. Unyevu ukiingia, kazi huharibika. Kwa hiyo hewa inayotakiwa lazima iwe safi na kavu. Hukusanywa mahali inapotoka kwa wingi, kama viwanda vya bia na viwanda vya mbolea.

Mzee hakuridhika. Akauliza tena kama plastiki hii itaimaliza hewa ukaa angani. Tukapiga hesabu ubaoni. Dunia hutengeneza plastiki zaidi ya tani milioni 400 kwa mwaka. Tuseme yote ingetungwa kwa njia hii, na katika kila tani 100 tani 43 ziwe hewa ukaa. Hizo ni tani milioni 172. Lakini mafuta, makaa ya mawe na gesi vinavyochomwa duniani hutoa hewa ukaa zaidi ya tani milioni 37,000 kwa mwaka. Ni sawa na kuondoa gunia 1 katika magunia 200 na zaidi. Anayesema plastiki hii itaipoza dunia anatia chumvi. Faida yake ni nyingine: petroli kidogo itachimbwa kwa ajili ya plastiki, na baadhi ya taka zitakuwa na mahali pa kukatika.

Viwandani kazi imekwisha kuanza. Mwaka 2016, katika mji wa Dormagen, Ujerumani, kampuni ya Covestro ilifungua mtambo unaotumia hewa ukaa kutengeneza malighafi ya povu la magodoro. Hewa ukaa hufika sehemu 20 katika 100 za malighafi hiyo. Godoro hilo halikutengenezwa ili lioze, lakini petroli imepungua. Coates naye alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya Novomer mwaka 2004. Mwaka 2016 sehemu ya kazi yake, ile ya hewa ukaa, ilinunuliwa na Saudi Aramco, kampuni kubwa ya mafuta ya Saudi Arabia, kwa bei ya hadi dola milioni 100. Ukitaka cheka: wachimba mafuta wamenunua ujuzi wa kupunguza mafuta.

Liko na jambo la maganda ya machungwa. Mtoto akibinya ganda la chungwa karibu na kibatari, cheche huruka. Mafuta yale yenye harufu ndiyo limonini. Mwaka 2004 Coates na wenzake walichukua limonini iliyogeuzwa kuwa epoksaidi, wakaitunga na hewa ukaa kwa mshenga wa zinki. Wakapata mkufu wa shanga mbili, moja ya chungwa na moja ya moshi, bila petroli ndani ya shanga hizo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, walionyesha kwamba plastiki hiyo hailegei mpaka joto lifike nyuzi 130, kwa hiyo jua la Dodoma si kitu kwake. Maganda hutupwa kwa marundo kwenye viwanda vya juisi. Hata hivyo, ukikamua limonini yote inayopatikana duniani kwa mwaka, haikaribii hata tani milioni moja, na plastiki inayotakiwa ni milioni 400.